Nafasi Zilizozibwa kwa Mpira

Inspekta Eyotaru hakugusa kitu. Alisimama mbele ya kabati la chuma, mikono nyuma, akaziangalia seva sita zilizopangwa moja juu ya nyingine. Taa zake ndogo za kijani zilikuwa zinawaka zote. Mtu asiyejua angesema mashine ni nzima.

"Hata mimi nilidhani ziko sawa," alisema Celestina, mkurugenzi wa kiwanda. "Mpaka fundi wa Kampala alipokuja kuzifungua."

"Nifungulie moja, madam. Ile ya chini."

Celestina aliizima, akaivuta kwenye reli zake, akabonyeza kishikio. Kifuniko kilitoka chenyewe. Hakikuhitaji bisibisi. Eyotaru aliliweka hilo kichwani, akainama na tochi.

Katikati ilikaa prosesa chini ya bati lake la kupoza. Upande wa kulia kulikuwa na nafasi nne nyembamba, na kila moja ilikuwa na kipande cha memori, kibao kirefu kama rula fupi, ambamo mashine huishikilia hesabu wakati inaifanya. Upande wa kushoto zilikuwa nafasi nne nyingine, bila vipande. Lakini hazikuwa tupu. Kila moja ilikuwa imezibwa kwa ukanda mwembamba wa mpira mweusi.

"Mpira huu fundi wenu ndiye aliuweka?"

"Aliukuta. Alicheka, akauliza kama Arua tunafunga kompyuta kama baiskeli."

"Na zile tano?"

"Vilevile. Kushoto, zote. Nusu ya memori imeondoka." Celestina alikunja mikono kifuani. "Na aliyeondoka nayo yuko kwenu."

Aliyekuwa mahabusu kituoni ni Lemi, mhandisi wa kiwanda, kijana aliyekuja Arua kutoka Yei na wazazi wake wakati wa vita. Kiwanda kilitengeneza vikamulio vya mafuta ya ufuta, na kazi ya Lemi ilikuwa kukijaribu kila kikamulio ndani ya kompyuta kabla chuma hakijakatwa: kitapinda wapi, kitapasuka wapi. Seva sita zilinunuliwa kwa ajili hiyo, zigawane hesabu moja. Wiki iliyopita kikamulio kipya kilipasuka fremu huko Ludara, upande wa Koboko, kipande cha chuma kikavunja mguu wa mwendeshaji wake, mtu anayeitwa Dumo. Kiwanda kikaita fundi aangalie seva. Fundi akakuta nusu ya memori haipo. Kesho asubuhi Lemi angesimama mahakamani kwa wizi.

"Kwa nini yeye?" Eyotaru aliuliza.

"Afande, yeye ndiye alizichagua. Wauzaji walikuwa watatu. Wa kwanza alileta mashine zenye prosesa nyingi sana. Wa pili akaleta mashine moja yenye kadi kubwa ya picha. Lemi akakataa zote. Yeye ambaye kwenye kikao hata chai haombi, siku hiyo aligonga meza. Akataka hizi tu: prosesa chache, memori kila nafasi." Celestina alicheka bila furaha. "Nilimsifu mbele ya watu. Sasa naelewa. Ile memori ndiyo alikuwa anaitaka."

"Inawezekana," alisema Eyotaru.

Alivuta ukanda mmoja wa mpira kwa kibano, akaupeleka dirishani. Haukukatwa kwa mkasi. Ulikatwa kwa kisu kikali, kwa mshazari, ukingo mmoja mwembamba kuliko mwingine. Aliutia kwenye bahasha ya plastiki. Kisha akamwomba Celestina amtolee kipande kimoja cha memori cha upande wa kulia, nacho akakitia kwenye bahasha yake.

"Ufunguo wa chumba hiki uko kwa nani?"

"Mimi na Lemi."

"Tangu mashine zilipofika?"

"Hapana, zilipofika chumba kilikuwa bado kinapakwa rangi. Maboksi yalikaa stoo, kwa Mzee Nasur."

"Naweza kumwona?"

"Amekwenda Koboko. Amefiwa na dada yake. Aliondoka siku moja kabla hamjamkamata Lemi." Celestina aliuona uso wa inspekta haukubadilika, akaongeza haraka: "Nasur huwezi kumshuku, afande. Ameendesha lori njia ya Juba mpaka mgongo ukakataa. Tangu tumpe stoo, hata msumari haujapotea."

Nje, Koplo Anguzu alikuwa ameegemea gari akitafuna mihogo ya kuchoma. Alisikiliza yote, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Inspekta, hii kesi imejimaliza. Kijana anachagua mali, mzee anaitoa stoo, mali inakwenda Koboko na mzee. Kutoka Koboko hadi mpakani ni karibu kuliko kutoka hapa hadi kwenye chakula."

"Huo mpira waliuwekea nini?"

"Mpira gani?"

"Mwizi akichomoa kitu, anaziba tundu ili vumbi lisiingie?"

Anguzu alifikiri. "Mwizi mstaarabu," alisema, akaingia kwenye gari.

*

Lemi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mwembamba, shati limekunjamana, na alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Umekula?"

"Nimekula, afande. Mama alileta."

"Nieleze kitu kimoja ambacho mimi sikijui. Kwa nini ulichagua zile seva?"

Lemi alikuwa amejiandaa kwa swali lingine. Alinyanyua kichwa.

"Afande umeona karakana yetu? Prosesa iko kama fundi. Memori iko kama mlango, chuma inapita pale kumfikia fundi. Yule muuzaji wa kwanza alileta fundi mingi, mlango mbili. Sasa fundi wote wanasimama tu, wanangoja chuma. Ukiangalia karatasi, unaona namba kubwa ya fundi, unafurahi. Kazi haitembei." Mikono yake ilianza kuchora mezani. "Hesabu yetu inakata kikamulio vipande vidogo vidogo, milioni na zaidi. Kila kipande inauliza jirani yake: wewe unavutwa kiasi gani? Hiyo maswali yote inapita mlangoni. Ndiyo nikataka mlango nane kwa kila mashine."

"Na kadi ya picha?"

"Ile iko na mbio. Lakini programu yetu haijui kuitumia vizuri, na hesabu kubwa haienei ndani yake. Na tena nilitaka memori ya kujisahihisha. Hapa stima inaruka, joto iko, memori ya kawaida inaweza kukosea na haikwambii."

"Kwa hiyo milango minne kwa kila mashine imetolewa."

"Ndiyo wanasema."

"Wewe ulijua lini?"

Mikono ya Lemi ilisimama. Aliirudisha magotini. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukapita mlango wote na kurudi.

"Sikuiba," alisema mwishowe.

"Sikukuuliza hilo. Nimeuliza ulijua lini."

Lemi aliinamisha kichwa. Halafu, kwa sauti ndogo: "Afande, naomba niulize mimi. Zile mashine... zilifika Arua zikiwa kamili?"

Eyotaru aliliandika swali hilo neno kwa neno, akasimama.

"Anajifanya," Anguzu alisema kwenye korido. "Hawa waliosoma wanajua kujifanya."

"Labda. Lakini mwizi anajua alikuta nini. Huyu hajui. Tena anaogopa jibu." Alifunga daftari. "Asubuhi ulisema kuna mtu alimwona Lemi Koboko?"

"Dukani kwa Lukudu. Mwezi uliopita, na mfuko mkononi."

"Basi twende Koboko."

*

Duka la Lukudu lilikuwa kwenye barabara iendayo mpakani, limejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Lukudu mwenyewe alikuwa mtu mkubwa mwenye vidole vidogo, na alipoona sare ya Anguzu alizima redio.

"Lemi? Huyu mtoto wa Elena? Alikuja, ndiyo. Alileta simu ya mama yake, kioo ilipasuka. Iko pale, bado hajachukua. Mwambie nitaanza kuitumia."

"Hakuleta kitu cha kuuza?"

"Lemi? Yule hata salamu anakupa kwa mkopo."

Eyotaru alitoa bahasha yenye kipande cha memori. Lukudu alikishika kwa kingo, akakisogeza kwenye taa, akapiga mluzi.

"Kitu nzuri. Mnauza?"

"Kingeletwa hapa cha wizi, ungekinunua?"

"Afande unataka kunifunga mbele ya wateja?" Aliwaangalia, akaona hawacheki. Akavuta kompyuta iliyofunguliwa kwenye kona, akakiweka kipande juu ya nafasi yake. "Basi angalia mwenyewe. Unaona hii mkato hapa chini? Na hii ya mashine iko hapa. Haikutani. Ukilazimisha, unavunja zote mbili. Hii ni ya seva tu. Koboko yote hakuna mutu iko na mashine ya hii. Arua labda benki, na benki hawanunui kwa Lukudu."

"Kwa hiyo ukiletewa mzigo?"

"Nitatundika dirishani ipendeze."

Anguzu alijikuna kidevu. "Na ng'ambo ya mpaka?"

"Koplo, ng'ambo wanakuja kununua kwangu chaja."

Walitoka. Anguzu alikuwa amenuna kidogo. Kesi iliyojimaliza ilikuwa imefunguka tena.

"Lemi anakijua kipande hiki kuliko Lukudu," Eyotaru alisema. "Alijua hakiuziki. Kama alitaka kuiba, yule muuzaji wa kwanza alikuwa na vitu vya kuuzika zaidi."

"Basi aliyechukua hajui."

"Au hakuchukua ili auze."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji, na ndani yake lori ambalo namba zake zilikuwa bado zinang'aa. Mwanamume mmoja alikuwa chini yake. Mwingine alichuchumaa kando na tyubu kuukuu ya tairi, akiikata mikanda kwa kisu. Alikikaza kisu kwa mshazari, akakivuta kuelekea kwake, ukanda ukatoka mrefu, ukingo mmoja mwembamba kuliko mwingine. Kisha akauviringisha kwenye chujio jipya la dizeli.

Eyotaru alivuka barabara.

"Salama, ndugu zangu. Gari linaumwa nini?"

"Haiumwi, mama. Imefika juzi kutoka Mombasa."

"Mbona mnaifungua?"

"Tunatoa spea."

"Mnatoa spea kwenye gari zima?"

Mwenye kisu alimtazama kama mtu anayetazama mgeni. "Sasa tutatoa kwa gari gani? Hii inakwenda Juba. Ikikufia huko mbele, nani anakuuzia? Chujio iko mbili, tunatoa moja. Tairi ya nyuma iko mbili mbili, tunatoa ya ndani. Kitu ikiwa mbili, moja inafanya kazi, moja inalala nyumbani inangoja. Baba yangu alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo."

"Na gari linatembea?"

"Inatembea!" Kutoka chini ya lori mwenzake alipiga kelele: "Polepole tu!" Wote wawili wakacheka.

Eyotaru alisimama pale kwa muda, akiangalia mikono ya yule mtu ikifunga fundo. Kisha akamgeukia Anguzu.

"Msiba wa Mzee Nasur uko wapi?"

*

Wanaume walikaa kwenye viti chini ya turubai ya bluu. Mzee Nasur, mfupi, kofia nyeupe, alinyanyuka kwa shida mgongo ukimvuta. Eyotaru alimpa pole, akakaa, akanywa chai aliyopewa, akauliza habari za marehemu. Anguzu alibaki amesimama karibu na njia, mkono juu ya pingu.

Chai ilipoisha, Eyotaru alitoa ukanda wa mpira, akauweka kwenye kiganja cha mzee.

Nasur aliugeuza, akatabasamu. "Hii yangu. Umeitoa kwa ile kompyuta? Irudishe, mwanangu. Vumbi ya Arua inaingia kila tundu."

Anguzu alisogea hatua. Eyotaru alimwinulia kidole.

"Na vile vilivyokuwa ndani ya tundu, mzee?"

"Iko stoo. Salama kabisa. Hakuna panya, hakuna maji."

"Ulivitoa mwenyewe?"

"Nani mwingine? Maboksi ililetwa, mimi nikafungua nione spea. Wallahi, hakuna! Mashine sita kubwa hivi, hata spea moja hawakuweka. Nikasema hawa watu wa Kampala wanatufanya wajinga. Halafu nikaona ndani: nne huku, nne huku, zote sawa. Nikasema vizuri, hii inatosha. Nne ifanye kazi, nne ilale. Inatoka kwa kidole tu."

"Ulimwambia Lemi?"

"Kumwambia nini? Spea ni kazi ya stoo. Lemi siku akiniambia, 'mzee, imeungua', mimi natoa." Aliinua kidole kama mtu anayesubiri kusifiwa. "Hapo ndiyo atajua Nasur iko."

"Mzee," alisema Eyotaru polepole, "Lemi yuko ndani kwa kosa la kuiba vile vipande."

Kidole cha Nasur kilibaki hewani. Watu waliokuwa karibu waligeuka.

"Kwa simu walituambia ni kwa sababu ya mguu wa Dumo," alisema. "Mimi nilijua ni mguu." Akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti, akivikosa. "Nipelekeni. Nipelekeni sasa hivi. Msiba utaningoja."

*

Stoo ilikuwa safi kama jiko la mtu mpweke. Celestina alisimama mlangoni. Nasur alivuta sanduku la bati kutoka rafu ya chini, akatoa mafurushi sita yaliyofungwa kwa mpira wa tyubu, akafungua la kwanza juu ya meza.

Celestina alisogea karibu.

Vipande vinne vililala ndani, vimepakwa girisi ya njano kila upande, nene, imeingia hadi kwenye meno yake ya dhahabu.

"Isishike kutu," Nasur alieleza.

Celestina alifumba macho. "Mzee Nasur. Umepaka girisi."

"Girisi mpya, madam. Sikuweka ile chafu."

Eyotaru alihesabu vipande furushi kwa furushi. Vilitimia. Kisha akaomba namba ya fundi wa Kampala, akaweka simu kwenye spika.

"Mashine ikinyang'anywa nusu ya memori," aliuliza, "inatoa jibu la uongo?"

"Hapana, afande. Inatoa jibu lilelile. Inachelewa tu. Kwa hesabu zao ingechelewa mara mbili, labda zaidi."

"Na iliyobaki ikikosea?"

"Ni ya kujisahihisha. Na ingeacha alama kwenye kumbukumbu za mashine. Niliangalia, hakuna."

"Asante."

Celestina alikuwa tayari amefikia hitimisho lake mwenyewe. "Basi Lemi si mwizi. Na mguu wa Dumo umevunjwa na girisi ya Nasur."

Nasur aliketi kwenye pipa la mafuta, kofia mkononi.

"Hapana, madam," alisema Eyotaru. "Umemsikia fundi. Mashine ya polepole haisemi uongo. Inachelewesha ukweli. Kikamulio cha Ludara kilitoka kiwandani kwa siku iliyopangwa, au kilichelewa?"

Celestina alihesabu siku kwa vidole. "Siku iliyopangwa," alisema.

"Basi kuna mtu alilifanya jibu liwahi."

*

Anguzu mwenyewe ndiye aliyefungua selo. Alikuwa mtu wa haki akishakubali. "Kijana, toka. Wizi haupo tena. Umekaa bure."

Eyotaru alikuwa kwenye chumba cha mahojiano na kipande kimoja cha memori juu ya gazeti. Lemi alikiangalia, akagusa girisi kwa ncha ya kidole.

"Hii ni nini?"

"Mzee Nasur. Aliweka spea, kabla maboksi hayajatoka stoo. Zilifika zikiwa kamili, Lemi. Zote."

Lemi alicheka, cheko fupi lililomtoka bila kujua. "Basi nilichagua vizuri."

"Ulichagua vizuri sana."

Kisha cheko likaondoka usoni mwake, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hofu ya asubuhi. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameshaitwa. Sauti yake ilisikika kaunta, akimshukuru kila askari.

"Unaweza kwenda," Eyotaru alisema. "Kesi niliyokuwa nayo imekufa, na nyingine sina ushahidi wake. Lakini bado lile swali langu. Ulijua lini?"

Lemi alitazama mlango. Sauti ya mama ilisogea karibu. Akavuta kiti, akaketi.

"Siku ya kwanza," alisema. "Nilipowasha, mashine iliandika memori nusu. Sikufungua hata kifuniko, nikasema, muuzaji amenidanganya. Na mimi nilishasaini maboksi kabla ya kuyafungua. Afande, mimi niligonga meza. Mbele ya watu wote. Ningesema nini?"

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikasema nitajaza pole pole, hakuna atajua. Halafu ikaja oda ya Ludara. Hesabu ilikuwa haimaliziki. Madam anauliza kila asubuhi: mashine zako iko wapi? Sasa nikapunguza vipande. Kikamulio nilikata vipande vikubwa, hasa kwa kona ya fremu, pale bolti kubwa inashika. Pale ndiyo inataka vipande vidogo kabisa. Jibu likaja jioni ileile, kijani yote, hakuna hatari." Alijifuta girisi kwenye gazeti, haikutoka. "Kompyuta haikuona ufa kwa sababu nilikuwa nimeinyima macho."

"Celestina alijua?"

"Hakuna. Mimi peke yangu."

Eyotaru aliandika. Alipoinua macho, Lemi alikuwa amesimama.

"Afande. Nilidhani ya Ludara ilipasuka kwa sababu ya kulehemu vibaya. Nilijiambia hivyo, kila siku. Lakini kulehemu ilikaguliwa, ilikuwa sawa, na mashine zilikuwa nzima, basi ni hesabu yangu. Na hesabu hiyo imetoa vikamulio viwili."

"Cha pili kiko wapi?"

"Dadamu. Kwa kikundi cha akina mama wa Jenifer. Kesho ni soko." Aligeukia mlango. "Leo wanakamua."

Simu ya Jenifer iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Eyotaru alikuwa tayari anatembea. Kwenye kaunta, Elena, mama yake Lemi, alifungua mikono yake, na mwanawe akapita mbele yake akikimbia peku.

"Nimfunge pingu?" Anguzu aliuliza, akiwasha gari.

"Endesha."

Walisikia kikamulio kabla hawajaona nyumba: dizeli ikinguruma, na chini yake mdundo mzito, wa kurudiarudia, wa chuma kikisukuma. Lemi aliruka kutoka garini kabla halijasimama. Wanawake walikuwa wamezunguka mashine, kanga kiunoni, mikono inang'aa mafuta, na Jenifer, kiongozi wao, alikuwa ameegemea kona ya fremu kwa kiuno akimimina ufuta.

Lemi alivuta wenzo wa injini. Kelele ikafa.

"Wee kijana!" Jenifer alimgeukia, beseni mkononi. "Nani amekutuma? Mafuta bado iko ndani! Na viatu iko wapi, umefukuzwa na mke?"

Wenzake walicheka. Lemi hakucheka. "Mama, tafadhali, toka hapo," alisema, na kitu katika sauti yake kilimfanya asogee. Alivua shati, akafuta mafuta kwenye kona ya fremu, kando ya bolti kubwa, akapitisha ukucha. Akaupitisha tena. Safari hii ukucha ulikwama.

Eyotaru aliinama na tochi. Ulikuwa mstari mwembamba kama unywele, unatoka chini ya bolti na kupanda hadi pale kiuno cha Jenifer kilipokuwa kimeegemea.

"Ni nini hiyo?" Jenifer aliuliza.

"Imepasuka."

"Hii mpya? Wiki mbili tu tumeleta! Mutu gani ametengeneza kitu kama hii?"

Lemi alimtazama Eyotaru. Inspekta alizima tochi. Anguzu aliangalia chini.

"Mimi," alisema Lemi. "Hesabu yake nilifanya mimi, na nilifanya vibaya. Nilijua ninaifanya vibaya."

Hakuna aliyemtukana. Jenifer alitazama mahali alipokuwa amesimama tangu asubuhi, akatazama ule mstari, kisha akaanza kuyabeba mabeseni ya ufuta, moja moja, kuyapeleka mbali na mashine, na wenzake wakamfuata.